Namna ya Kuinua Gari la Zamani kwa Jeki Nyumbani

Anayemiliki Peugeot 504, Datsun 1200, Volkswagen Beetle au Land Rover ya Series hapa Nakuru au kule Kisumu hufika mahali akalazimika kuingia chini ya gari lake mwenyewe. Mafundi walioyazoea magari hayo wanazidi kupungua, na kazi kama kumwaga oili, kurekebisha breki za drami au kupiga grisi viungo vya mbele hujirudia mara nyingi kiasi kwamba kulipeleka gari gereji kwa kila moja ni gharama isiyo na sababu. Kazi zenyewe si ngumu. Ugumu uko katika kuliweka juu gari lenye uzito wa tani moja hivi, likatulia, na likabaki limetulia hadi umalize.

Gari jipya huinuliwa kwa kufuata kitabu chake, na mara nyingi hilo hutosha. Gari lenye umri wa miaka 40 au 50 haliaminiki kwa namna hiyo, kwa sababu pale ambapo kiwanda kiliagiza jeki iwekwe huenda pameoza, pamezibwa kwa pati na kupakwa rangi nzuri, au pamewelduliwa na fundi ambaye hakuwaza kwamba siku moja uzito wa gari ungekaa hapo. Ndiyo maana anayeinua gari la aina hii hupima mambo matatu kabla ya kuugusa mpini wa jeki: ardhi iliyo chini, chuma kilicho juu, na magurudumu yatakayobaki yamekanyaga.

Ardhi

Mahali panapofaa zaidi ni sakafu ya zege iliyo sawa na isiyo na nyufa. Wengi hawana sakafu hiyo. Wana uwanja wa murram, wa nyasi, au wa kabro zilizopangwa juu ya mchanga. Katika nyanda za Kano na sehemu nyingi zilizo karibu na Kisumu, udongo ni ule mweusi unaonata, ambao wakati wa kiangazi hupasuka na kuwa mgumu kiasi cha kudanganya, kisha mvua ikinyesha hufura na kulainika hata gari lililosimama tu likazama kidogo. Nakuru ina shida yake: udongo mwingi wa huku umetokana na majivu ya volkano, ni mwepesi na una nafasi nyingi za hewa ndani, na baadhi ya sehemu za mji hujulikana kwa nyufa zinazofunguka ardhini baada ya mvua kubwa. Ukikanyaga kwa kiatu huoni tofauti. Jeki huiona.

Hesabu yake ni hii. Peugeot 504 ina uzito wa kama kilo 1,200, kwa hiyo ukiinua pembe moja, jeki hubeba kama kilo 300 na pengine zaidi. Jeki ya chupa, ile fupi inayosimama wima kama chupa, yenye kitako cha sentimita 10 kwa 10 inaukandamiza udongo kwa kilo 3 kwa kila sentimita mraba, ilhali mtu wa kilo 70 aliyesimama kwa miguu yote miwili hafikishi hata robo ya kilo. Weka chini ya jeki hiyo ubao mgumu wa unene wa sentimita 5 na upana wa sentimita 40 kwa 40, au bamba la chuma lisilopinda, na uzito uleule utaenea mahali pakubwa mara 16. Kila stendi, yaani mguu wa chuma unaolibeba gari baada ya jeki kuliinua, nayo ipewe ubao wake. Si vibaya kuikwangua nyasi na tabaka la juu la udongo uliolegea, ukashindilia, ndipo uweke ubao.

Jeki ya troli, ile ndefu yenye magurudumu madogo, ina tabia ambayo lazima ieleweke. Mkono wake hauendi juu wima. Hupanda kwa kupinda, na jeki hulazimika kujisogeza yenyewe chini ya gari kadiri inavyoinua. Juu ya zege husogea vizuri bila wewe kujua. Juu ya murram au kabro zilizoachana, magurudumu yake hukwama, na kwa kuwa jeki haiwezi kuja, gari ndilo huvutwa kuifuata, au kichwa cha jeki huteleza kutoka pale kilipokuwa kimeshika. Kwa hiyo jeki ya troli kwenye uwanja wa udongo huhitaji kipande kirefu cha plaiwudi nene au bamba la chuma la kutosha magurudumu yote manne pamoja na nafasi ya kusogea. Kama huna, tumia jeki ya chupa juu ya ubao, kwa maana yenyewe huinua wima.

Mteremko ni suala la kukataa, si la kujadiliana nalo. Nyumba nyingi za Milimani ya Nakuru zimejengwa pale ardhi inapopanda kuelekea Menengai, na zile za Riat, nje ya Kisumu, ziko kilimani kabisa. Weka mpira wa mtoto katikati ya uwanja. Ukibiringika wenyewe, omba nafasi kwa jirani. Lami nayo huonekana imara asubuhi, lakini jua la adhuhuri la Kisumu huilainisha na miguu myembamba ya stendi ikazama ndani yake polepole, hivyo ubao unahitajika hata hapo. Anza kazi asubuhi, kwa kuwa mvua za kando ya ziwa hupenda kuja alasiri, na hakuna anayetaka kufunga nati za breki akiwa amelala kwenye maji yanayotiririka chini ya stendi zake.

Chuma

Mvua, tope la barabara za murram na miaka mingi hukusanyika mahali pamoja: ndani ya kingo za bodi zilizo chini ya milango, ambako maji huingia na hayatoki. Hapo hapo ndipo viwanda vingi viliweka sehemu za kupachika jeki iliyokuja na gari. Beetle, kwa mfano, ina kishimo cha jeki kila upande, chini ya ubao wa kukanyagia, na katika magari mengi kishimo hicho ndicho cha kwanza kuoza. Jeki ya kiwandani ya Beetle ni chombo cha kubadilishia tairi kando ya barabara, nacho kilikuwa na mashaka hata gari lilipokuwa jipya. Usikitumie kwa kazi ya nyumbani.

Chukua bisibisi kubwa, ulale kando ya gari likiwa bado limekanyaga chini, na ugonge kwa mpini wake kila mahali unapokusudia kuwekea jeki au stendi. Chuma kizima hutoa mlio mkavu unaojibu mkononi. Chuma kilichooza hutoa mlio mzito usio na mwangwi, na aghalabu vipande vyembamba vya kutu hukudondokea usoni, kwa hiyo vaa miwani. Kisha geuza bisibisi na usukume kwa ncha. Ikiingia, au rangi ikifanya mawimbi kuizunguka, hapo si mahali pa kubeba kitu, hata kama panaonekana pamenyooka. Tahadhari na gari lililopakwa lami nzito chini: dawa hiyo huzuia kutu ikipakwa juu ya chuma safi, lakini wauzaji wengine huipaka juu ya uozo ili mnunuzi asiuone.

Kanuni inayofaa karibu kila gari ni kwamba mahali penye kubeba springi panaweza kubeba jeki. Datsun 1200 na magari mengine yenye ekseli nzima ya nyuma huinuliwa kwenye bomba la ekseli, karibu na pale springi za mabamba zilipofungwa. Land Rover ina chesisi yake ya mabomba ya pembe nne, ambayo huoza kutoka ndani na hivyo kuficha hali yake, lakini ekseli zake ni nene na ndizo ninazozichagua kila mara. Beetle huinuliwa nyuma chini ya ncha za bomba lenye springi za kujipinda, na mbele chini ya mihimili miwili ya ekseli. Kamwe si chini ya injini, ambayo imening'inia nyuma na kifuniko chake cha chini kimetengenezwa kwa madini mepesi yanayopasuka.

Peugeot 504 inahitaji uangalifu wa ziada kwa sababu haziko za aina moja. Steshenwagoni, zile zilizobeba abiria miaka mingi kati ya Nairobi, Nakuru na Kisumu, pamoja na pikapu, zina ekseli nzima ya nyuma na huinuliwa hapo. Saluni nyingi zina sospensheni ya nyuma inayojitegemea kila upande, na huinuliwa kwenye mhimili unaoshika mikono ya sospensheni. Kwa zote, usiinulie kwenye lile bomba refu linaloifunika propela, ile fimbo ya chuma inayozunguka kupeleka nguvu kutoka gia boksi hadi nyuma. Mbele, tumia mhimili wa chuma unaovuka chini ya injini. Karai la oili, gia boksi, mikono ya usukani na sakafu ya gari ni marufuku katika gari lolote lile.

Magurudumu

Handibreki ya magari mengi ya kizazi hiki hushika magurudumu ya nyuma pekee. Maana yake ni kwamba ukiinua nyuma, magurudumu yanayoshikwa yako hewani, na yale yaliyokanyaga yako huru kabisa. Wenye magari wengi hulijua hilo. Wasilolijua ni lile la difu, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja tu la nyuma la gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, ukaliacha kwenye gia ukidhani gia italizuia, difu huruhusu gurudumu lililo hewani lizunguke upande mmoja huku lililokanyaga likizunguka upande wa pili, propela ikiwa imesimama tuli. Gari huondoka likiwa kwenye gia. Land Rover ya Series huleta hatari hiyo hata ukiwa umevuta handibreki, kwa kuwa breki hiyo haishiki gurudumu lolote. Drami yake iko nyuma ya gia boksi na hushika propela ya nyuma tu. Inua gurudumu moja la nyuma la Land Rover, na umeiondoa gia na handibreki kwa mpigo mmoja.

Kinga ya haya yote ni kabari, mbele na nyuma ya kila gurudumu linalobaki chini. Utingo wa lori huokota jiwe kando ya barabara kwa sababu hana la kufanya, lakini jiwe la mviringo husukumwa na tairi na jiwe laini husagika. Seremala yeyote atakukatia kabari kutoka ubao wa nne kwa nne, zenye upande mmoja wa mshazari, kwa bei ndogo sana. Zipige kwa nyundo mpaka ziibane tairi. Pamoja na hizo vuta handibreki, weka gia ya kwanza au rivasi, na uondoe ufunguo kwenye swichi uuweke mfukoni mwako, ili mtu wa nyumbani asije akajaribu kuwasha gari ukiwa chini.

Jeki na stendi

Jeki huinua na stendi hubeba. Usiingize hata bega chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ya mafuta hutegemea mipira midogo ya kuzuia oili isivuje, na mipira hiyo huweza kushindwa bila kuonyesha dalili. Ukiona oili imelowesha nguzo ya jeki au gari linashuka polepole bila kuguswa, jeki hiyo ikarabatiwe kwanza. Wapo wanaoijazia oili ya breki kwa kuwa ndiyo iliyo karibu: oili hiyo huharibu mipira ya jeki, na jeki iliyokuwa nzima huanza kushuka baada ya muda. Tumia oili ya haidroliki.

Stendi za dukani huandikwa uzito wake, na ni muhimu kusoma kama uzito huo ni wa stendi moja au wa jozi. Kwa saluni yoyote niliyoitaja hapo juu, jozi ya tani 3 inatosha kwa wasaa. Stendi za meno hupandishwa haraka, lakini hakikisha jino limeingia hadi mwisho, kisha ligonge kidogo kwa kiganja. Mwaka 2020 zaidi ya stendi milioni 1 za aina hiyo ziliitwa zirudishwe dukani nchini Marekani kwa sababu meno yake yangeweza kuachia. Mimi hupendelea zile za tundu na pini nene, ambazo unaona kwa macho ni nini kinachobeba.

Wapo pia wanaotengenezewa stendi na mafundi wa jua kali, kama wale wa Kibuye mjini Kisumu, na wengi wao huchomelea vizuri kuliko tunavyowapa sifa. Ukiagiza, dai miguu minne iliyotanuka na kuunganishwa kwa chini, bomba nene la katikati, bakuli la juu linaloshika ekseli isiteleze, na pini ya bolti ngumu. Kipande cha nondo kisikubaliwe kuwa pini. Kagua kila mshono wa weldi kwa macho: uwe umejaa, usio na matundu na usioruka sehemu. Kisha jaribu stendi hizo chini ya gari kwa siku nzima bila mtu kuingia.

Matofali, bloku na mawe ya kuchonga hayafai, yawe makubwa kiasi gani. Hubeba ukuta kwa sababu uzito umeenea juu yake sawasawa, lakini ekseli huyagusa mahali padogo pamoja. Mawe mengi ya ujenzi ya Nakuru ni majivu ya volkano yaliyogandamana, na chini ya mzigo wa namna hiyo hupasuka ghafla, bila kutoa ishara.

Kuinua

Legeza nati za gurudumu robo zamu gari likiwa bado chini, kwa sababu nati iliyoshikwa na kutu huhitaji nguvu ambayo ingeweza kuliangusha gari kutoka kwenye jeki. Weka jeki, uipandishe mpaka iguse tu, halafu inama uangalie kama kichwa chake kimekaa katikati. Sasa inua kidogo, usimame, uangalie tena: ubao haujainama? Kabari bado zimebana? Jeki imesimama wima? Kama kuna hata kimoja kimehama, shusha na uanze upya. Inua kwa hatua hizo, sentimita chache kila mara, hadi upate nafasi ya stendi na si zaidi, kwa maana kila sentimita ya juu ni uthabiti unaoupoteza.

Weka stendi ya kwanza, kisha ya pili upande wa pili, zote kwa kimo kimoja. Shusha jeki polepole mpaka uzito wote ukae juu ya stendi, uiache jeki hapo ikigusa bila kubeba, iwe akiba. Baada ya hapo lisukume gari kwa ubavu, kwa nguvu zako zote, ukiwa umesimama nje yake. Ukisikia mlio au kuona stendi moja ikinyanyua mguu, ni afadhali ulijue hilo ukiwa umesimama. Gurudumu ulilolitoa lisukume chini ya bodi, karibu na pale utakapolala. Mambo yakiharibika, litakuachia nafasi ya kupumua.

Kwa kazi nyingi kuinua ncha moja ya gari hutosha. Kuliweka gari zima juu ya stendi nne juu ya udongo mimi sikushauri kabisa. Ikilazimu, tafuta mwenye sakafu ya zege. Usifanye kazi hii peke yako nyumbani. Anayekaa karibu si lazima awe fundi, ila aonyeshwe mapema namna ya kufunga valvu ya jeki na kupampu, na ajue kwamba nambari za dharura ni 999 na 112. Watoto wasiukaribie uwanja, na kuku wafungiwe, maana jogoo aliyekimbilia chini ya gari hufuatwa na mtoto bila kufikiri.

Angalia pia tanki la petroli kabla ya kuinua nyuma. Magari haya yana mipira ya zamani kwenye bomba za mafuta, na gari lililoinama huweza kuvuja pale ambapo halikuvuja likiwa sawa. Ukisikia harufu ya petroli, shusha.

Kushusha

Hesabu vyombo vyote vilivyotoka chini, urudishe magurudumu, na ufunge nati kwa mkono hadi zikae, ukiruka kutoka moja hadi iliyo mkabala nayo. Pandisha jeki kiasi cha kuziachilia stendi, zitoe bila kupitisha mkono wako chini ya ekseli, kisha fungua valvu polepole sana. Gari likishakanyaga, kaza nati kwa nguvu kamili, kwa mpangilio uleule wa mkabala, halafu ndipo utoe kabari.

Beetle zenye ekseli za nyuma za kubembea zitaonekana zimesimama vibaya baada ya kushushwa, magurudumu ya nyuma yakiwa yamekunjwa kwa chini kuelekea ndani. Hakuna kilichovunjika, liendeshe mbele na nyuma mita chache na yatarudi mahali pake. Usipime kimo cha gari wala usirekebishe breki za nyuma kabla ya kufanya hivyo. Baada ya kuendesha kilomita 50 hadi 80, yaani kama kwenda Naivasha kutoka Nakuru, au kufika Kakamega kutoka Kisumu, simama mahali penye usawa na ukaze nati za magurudumu yote kwa mara nyingine, hasa kama rimu zimepakwa rangi mpya, kwa kuwa rangi hukandamizika chini ya nati na kuziacha zimelegea.